Prokurasio kwa mdogo wangu: je, anaweza kuuza kiwanja?

Mama wa Kadutu (Bukavu): Wapendwa, ninahamia Kinshasa kikazi. Ningependa mdogo wangu apokee kodi ya nyumba na, mnunuzi akipatikana, auze kiwanja changu. Je, prokurasio (hati ya uwakala, inayomruhusu mtu kutenda kwa niaba yako) isemayo tu "anishughulikie mali zangu zote" inatosha?

Mwanasheria, Ibanda: Haitoshi, Mama. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba inasema kwamba uwakala uliotolewa kwa maneno ya jumla unahusu usimamizi tu, kama vile kupokea kodi, ilhali kuuza au kuweka rehani kunahitaji idhini iliyotajwa waziwazi. Taja kiwanja, namba ya cheti cha usajili na bei ya chini unayoikubali, kisha utie sahihi mbele ya notere (afisa anayethibitisha hati).

Baba J.: Na Mama akibadili mawazo?

Mwanasheria, Ibanda: Anaweza kuifuta wakati wowote, ila adai arudishiwe hati yenyewe na awajulishe wapangaji, kwa sababu mtu aliyetendeana na wakala kwa nia njema, bila kujua kwamba imefutwa, hulindwa na sheria. Mama au mdogo wake akifariki, prokurasio inakoma, ingawa wapo ndugu (wengi mno, kwa maoni yangu) wanaoendelea kuitumia hata baada ya matanga.