Tupeane uzoefu: wakimbizi na wenyeji mlivyosaidiana kupata matibabu

Mhudumu wa Nyarugusu
Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni Mkongomani wa Fizi, mhudumu wa afya ya jamii kambini Nyarugusu, Kasulu, Tanzania. Naomba tusimuliane yale yaliyomfikisha mgonjwa kwa daktari kweli. Naanza mimi.

Mtaa ninaozungukia ni wa Warundi waliokuja kuanzia 2015. Mwanzoni akina mama hawakunifungulia. Tulipompata mkunga wa jadi, Mrundi mwenzao, mambo yakabadilika. Yeye hutangulia kubisha hodi. Ananipakatia mtoto, anamwimbia Kirundi, mkono ukilegea naufunga utepe wa kupimia utapiamlo na kusoma. Majuzi ulisoma nyekundu, chini ya sentimita 11.5, yaani utapiamlo mkali. Mama hakubisha wala hakutaka kupitia kwa mganga kwanza. Tuliondoka naye saa ileile. Chanjo nazo tunazitangaza pamoja na viongozi wa Makere, kijiji jirani, maana surua ikiingia huku haiishii kambini.

Jirani wa Kayole
Mimi ni Mkenya, mhamasishaji wa afya mtaani Nairobi, na nyumba nyingi ninazotembelea ni za Wakongomani. Kilichotutesa ni SHA, bima ya afya ya serikali. Ilipochukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, wasio na mshahara wakatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 mara moja. Mama anayetembeza vitenge atazitoa wapi?

Tukaunda chama, Wakenya na Wakongomani pamoja. Tunachanga kila Jumamosi, na pesa ya mzunguko haishikwi mkononi: inalipia SHA ya mwenye zamu. Wajawazito wanatangulia, hilo halina mjadala.

Kulipa peke yake hakutoshi. Kuna hospitali karani alimrudisha mama mwenye uchungu, eti namba ya kadi yake ya ukimbizi haionekani kwenye mfumo. Iliniuma sana. Sasa usajili tunauhakikisha mimba ikiwa bado changa, na siku ya kujifungua mama anasindikizwa na mwanachama Mkenya anayejua kuongea na wahudumu wa mapokezi.

Mturkana
Huku Kakuma, kaskazini mwa Kenya, wenyeji ndio tunaofuata hospitali za wakimbizi. Dada yangu alifanyiwa upasuaji wa uzazi katika hospitali ya Ammusait, ndani ya kambi. Lodwar, mji mkuu wa kaunti, ni karibu kilomita 120, asingefika. Waliojitolea damu ni vijana wa Sudan Kusini walioletwa na mchungaji wao. Nawaombea mpaka leo.

Mama Furaha, Louisville
Hapa Marekani hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupa mkalimani bure. Wengi wetu hatujui, tunamtoa mtoto shuleni aje atafsiri ugonjwa wa mama yake. Inasikitisha. Kanisani tumegawana kazi: wenye magari wanapeleka wagonjwa, wanaojua Kiingereza wanapiga simu ya miadi na kusema mapema kwamba anahitajika mkalimani wa Kiswahili. Ile bima ya muda ya wakimbizi wasiopata Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, ilipunguzwa mwaka 2025 kutoka miezi 12 hadi 4, kwa hiyo mgeni akifika tu tunaanza kumtafutia daktari.

Mhudumu wa Nyarugusu
Jirani wa Kayole, mtu akihama kabla ya zamu yake mnafanyaje?

Jirani wa Kayole
Anarudishiwa alichochanga. Akitaka kuendelea anatuma kwa M-Pesa. Wapo waliohamia Githurai na bado tuko nao.