Nimebandikwa kikaratasi kifuani kama mbuzi wa mnadani!

Wakuu, naandika huku natetemeka, na si baridi ya Uyole. Mnamjua yule bosi, jina sitaji, yule anayevaa kidude cha simu sikioni hata akinawa mikono. Leo saa tatu asubuhi, mbele ya vijana watatu wa mafunzo kwa vitendo, amebandua kikaratasi changu cha njano kwenye ubao wa kazi za timu akanibandika KIFUANI. Kimeandikwa "BADO". Mimi, baba wa watoto wawili!

Tunatengeneza mfumo wa kupima parachichi za wakulima na kuwalipa kwa simu. Kipande changu ni malipo. Ili kampuni ya simu itupe funguo za kuunganisha, fomu inataka saini na muhuri wake yeye. Jumatatu nimesema kwenye kikao cha kila siku, nimekwama. Jumanne nimekwama. Jumatano, Alhamisi, nimekwama! Fomu iko mezani kwake, imewekewa kikombe cha chai juu. Tunafuata Skramu, ule utaratibu wa timu kufanya kazi kwa awamu fupi fupi, na humo kuondoa vikwazo ni kazi ya Skramu Masta, msimamizi wa utaratibu. Skramu Masta ni nani? Yeye. Mmiliki wa bidhaa, anayeamua kipi kianze? Yeye. Bosi? Yeye. Halafu Ijumaa anauliza "kwa nini bado?" na kunibandika.

Na hicho kikao! Mwongozo wa Skramu wa Schwaber na Sutherland, waanzilishi wenyewe, toleo la 2020, unasema dakika 15, na ni cha madevelopa, sisi watengenezaji, kupanga siku yao wafikie lengo la spirinti, yaani awamu moja ya kazi. Chetu tunasimama mpaka miguu inaota mizizi. Mtu anatoka Mbeya mjini, anakwenda Tukuyu, anakula ndizi, anarudi, anatukuta bado tunahojiwa mmoja mmoja kama wezi wa kuku.

Spirinti ni wiki mbili, lengo limeshageuka mara tatu, maana kila akinywa chai na mteja anarudi na kazi mpya. Ukimwambia spirinti ikishaanza haiguswi kwa kitu cha kuhatarisha lengo, anajibu hayo ni ya Wazungu. Na kikaratasi je?

Kifuani, wakuu. Binti wa mafunzo aliinamisha macho kwa kunionea haya.

Mwanjelwa Damu: Kwani kilibandikwa kwa simenti? Si ungebandua tu, mzee.

Mleta uzi: Nimekibandua! Nauliza kwa nini kilibandikwa. Siku nne nasema nimekwama!

Mtoto wa Kihesa: Kamwene wakuu. Afadhali yako kaka. Huku Iringa wetu anakadiria kazi peke yake, "hii siku mbili", na hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu. Anayekadiria ni anayeifanya kazi. Sasa tuko wiki ya tatu na anatununia.

Baridi ya Forest: Kwetu kile kikao cha kujitathmini mwisho wa spirinti kimegeuka mahakama. Nilisema ukweli mara moja tu, nikapewa zamu za Jumapili mwezi mzima.

Mwanjelwa Damu: Mleta uzi, tuwekee picha ya shati basi.

Mleta uzi: Mtu amedhalilishwa wewe unataka picha?

Parachichi Bichi: Samahani mkuu, huo mfumo wenu unapima kilo au kreti? Huku Rungwe mnunuzi alizikataa nusu ya parachichi zangu eti ndogo, kisha akazipakia hizohizo kwa bei ya kutupa.

Mleta uzi: Kilo. Ila malipo BADO, kwa sababu ya fomu iliyo chini ya kikombe!

Mama Viazi Njombe: Parachichi mna raha. Sisi ni lumbesa. Gunia lina kichwa, shingo na kofia, bei ya gunia moja.

Baridi ya Forest: Lumbesa si ilikatazwa, mama?

Mama Viazi Njombe: Imekatazwa mchana, mwanangu. Njoo usiku lori likipakia.

Mleta uzi: Jamani, kikaratasi...

Parachichi Bichi: Mama, kwani hiyo kofia inaingia debe ngapi?

Mama Viazi Njombe: Mbili. Na ukilalamika anakwenda kwa jirani.