Naomba ushauri: Lee-Enfield ya 1943, nichukue au niiache?

Habari zenu wakuu. Naishi Texas, na kwa miaka mingi nimetamani kumiliki Lee-Enfield No. 4, bunduki ya Waingereza ya Vita vya Pili. Babu yangu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), akapigana Burma 1944, Bonde la Kabaw. Alirudi na medali na kikohozi tu. Nataka kumbukumbu ninayoweza kuishika.

Nimeipata moja kwa muuzaji wa hapa, iliyotengenezwa na Savage, kampuni ya Marekani, bado ina mhuri wa "U.S. PROPERTY" ubavuni. Mbao zake zinanipa wasiwasi: zimepigwa msasa na vanishi inayong'aa kama meza ya sebuleni, wakati jeshini zilipakwa mafuta ya kitani. Namba ya kwenye mkono wa bolti (kipande kinachosukuma risasi na kufunga nyuma ya mtutu) hailingani na ya kwenye bodi. Najua bolti ya kuazima inaweza kuacha nafasi kubwa nyuma ya risasi, ganda likapasuka usoni. Je, fundi akiipima na kuipitisha, bado ina thamani kwa mkusanyaji, au niendelee kutafuta?

Pili, utunzaji. Kuna risasi za .303 za zamani ambazo fataki zake (kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) huacha chumvi ndani ya mtutu. Nimeambiwa nimwagie maji ya moto, nikaushe, kisha nipake mafuta siku hiyohiyo. Mnaozitumia, hiyo inatosha? Na vanishi ile naitoaje bila kufuta mihuri iliyobaki kwenye kitako?