Mrejesho: Nimeanza qigong

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama mtu mwenye goti bovu, tena asiyejua lolote, anaweza kujiunga na darasa la qigong, yale mazoezi ya Kichina ya mienendo ya taratibu na kupumua. Nimejiunga, na goti liko salama. Nilimweleza mwalimu mapema, akanizuia kuchuchumaa sana.

Nilidhani ni mchezo wa wazee. Kumbe! Siku ya kwanza tulisimama tu, magoti yamekunjwa kidogo, mikono kama imekumbatia mti. Dakika ya tatu mapaja yanatetemeka, jasho linachuruzika. Nikabana pumzi, kizunguzungu kikanipata. Pumzi usiilazimishe.

Sasa tuko kwenye Baduanjin, ile ya mienendo minane. Nguo iliyolegea inatosha. Dawa za presha sijaacha, na mwalimu akikwambia uache zako, kimbia.