Mdogo wangu sauti zimeisha, ila sasa anasema yeye ni mzigo

MamaNeema_Moro
Habarini wapendwa, naombeni msaada. Mdogo wangu ana miaka 24, alianza kusikia sauti akiwa chuo mwaka wa pili, tukazunguka kwa waganga miezi mingi (najuta mpaka leo) mwisho hospitali wakasema ni skizofrenia. Katoka wodini wiki 3 zilizopita, anakula, analala, nyumbani wote wanashukuru Mungu, ila mimi usingizi sina. Hatoki nje maana mtaa mzima ulimwona siku ile anatembea bila shati na watoto wanamwita chizi, wenzake wanamaliza chuo anaziona picha zao, juzi kaniambia "dada bora nisingepona, nilivyokuwa naumwa nilikuwa sijui nimekuwaje." Mama anasema tusimuulize habari za kujiua, tutamtia wazo. Ni kweli?

nesi_wa_zamu
Pole sana dada. Si kweli, kumuuliza hakumtii wazo, wengi wanapumua kwamba hatimaye kuna mtu kaona. Muulize leo na usizunguke, "umewahi kufikiria kujiua?", halafu nyamaza umsikilize, usianze na mambo ya dhambi. Na msijipe moyo kwa sababu katulia. Miezi ya kwanza baada ya kutoka wodini ndo hatari inakuwa juu, hasa kwa kijana aliyekuwa na matarajio makubwa, maana akili ikirudi ndo anaona alichopoteza. Inakadiriwa kama 5 katika kila 100 wenye skizofrenia hufa kwa kujiua, so wengi wanavuka, ila lazima kuwe na mtu macho. Msisubiri tarehe ya kliniki, nendeni mkamwambie daktari maneno yake yaleyale, inawezekana ana sonona (ugonjwa wa huzuni nzito, depression) juu ya skizofrenia na inatibika. Ulizeni pia kuhusu klozapini, ni dawa ya skizofrenia, Marekani iliidhinishwa 2002 kwa ajili ya kupunguza hatari hiyohiyo ya kujiua, ila inataka kupima damu mara kwa mara. Dawa za nyumbani zote tunza wewe. Akisema ana mpango asiachwe peke yake hata dakika, dharura usiku huohuo.

pwani_tanga
Naishi nayo mwaka wa 9 sasa. Dada, kilichonimaliza mimi hakikuwa sauti, ni kwamba wageni wakija naambiwa nikae chumbani, na kikao cha ukoo kuhusu shamba la babu sikuitwa, nikajua nimeshafutwa. Kunisifia sifia hakukusaidia, nilikuwa naona wananionea huruma. Kilichoniinua ni mjomba kunipa daftari la madeni ya duka lake, siku nikakosea hesabu akanigombeza kweli kweli, nikaenda kulala nimefurahi, kumbe bado mimi ni mtu wa kugombezwa! Mpeni kazi ambayo asipoifanya itaonekana haijafanyika. Na akitajwa mbele ya watu msiseme "mgonjwa", ana jina.

wanjiru_eastlands
Pole mpendwa. Usiogope kumwambia daktari, kuwa na mawazo hayo si kosa popote. Huku Kenya hata ile sheria ya kushtaki mtu aliyejaribu kujiua, High Court ilisema Januari 2025 kwamba inapingana na katiba.

MamaNeema_Moro
Nimemuuliza jioni tukichambua mchele. Kasema ndiyo, amewaza, mpango hana, akalia sana na mimi nikalia. Kaka mkubwa analala naye chumba kimoja, saa 1 asubuhi tunaenda hospitali. Nimemwambia tukirudi anisaidie daftari la kikoba cha mama limevurugika, akaniuliza limeishia mwezi gani.