Tupeane uzoefu: kukagua kihamba masika, kipupwe, vuli na kiangazi

Mfongo:
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wote wenye kihamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro ila riziki yao iko Dar, Arusha, Dodoma au ng'ambo. Wengi wetu tunakwenda nyumbani Desemba tu, na Desemba kihamba kinadanganya. Vuli imeshanyesha, migomba imetoa majani mapya, kahawa ya mwisho inaiva, kila kona inapendeza. Mahali udongo unapokimbia huonekana Aprili. Mahali panapokauka huonekana Februari. Kivuli kilichozidi utakijua Julai, wingu likishatanda na jua halitoki mpaka mchana. Kwa hiyo nasema kihamba kikaguliwe kila msimu, hata kama ni kwa siku mbili.

Ombi langu: kila mtu aweke anachokijua kwa hatua na vipimo, na aseme kinachoharibika na sababu yake. Simulizi za safari tuzipeleke kwenye uzi mwingine.

Kwa wasiokifahamu kihamba: ni shamba la kuzunguka nyumba, lenye ghorofa. Juu kuna miti mirefu kama mringaringa, mruka na mgrivilea. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi, maharage na majani ya ng'ombe. Viazi vikuu vinapanda kwenye miti. Ng'ombe yuko zizini, anakula majani na vigogo vya migomba, samadi yake inarudi shambani. Mwaka 2011 FAO iliuingiza mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani. Tunachokiacha kiharibike ni kitu kikubwa.

Msesewe:
Naanza na masika, maana ndiyo watu wanaikimbia. Kwetu inaanza katikati ya Machi, kilele ni Aprili na Mei. Gari lisilo na nguvu miguu yote liache kwenye lami, udongo mwekundu ukilowa hauna adabu. Buti za mpira, koti la mvua, jembe.

Toka nje mvua ikiwa inanyesha, usisubiri ikatike. Anzia mpaka wa juu, fuata maji yanavyoshuka hadi mpaka wa chini. Angalia maji ya bati yanaangukia wapi, kwa sababu nyumba moja ya bati inaweza kuchimba korongo kwenye kihamba ndani ya misimu michache. Angalia njia ya kupitisha majani ya ng'ombe kama imegeuka mfereji. Halafu tazama mashina ya migomba: mizizi ikiwa nje, udongo wako umeshahamia kwa jirani wa chini.

Dawa yake ni fanya juu. Chimba mfereji wa sentimita 60 upana na 60 kina, udongo wote tupa upande wa juu uwe tuta, na juu ya tuta panda majani ya Guatemala au matete. Yanashika udongo na ng'ombe anakula. Kosa kubwa ni kuchimba kwa macho. Mfereji usiofuata usawa unageuka bomba: maji yanakimbilia upande mmoja, yanapasua tuta, na uharibifu unazidi ule wa mwanzo. Tumia fremu ya miti mitatu yenye umbo la herufi A, ning'iniza kamba yenye jiwe katikati, pima hatua kwa hatua na pigilia vigingi kabla jembe halijagusa ardhi. Ndani ya mfereji acha vizuizi vya udongo kila baada ya mita chache, maji yatulie na kuzama.

Mshare:
Msesewe umesema kweli. Mimi niongezee migomba.

Shimo lichimbwe Februari, mvua haijafika. Sentimita 60 kila upande, sehemu kavu nenda hadi 90. Udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto. Changanya ule wa juu na debe 2 za samadi iliyoiva, rudisha shimoni, na upande mvua ikishashika vizuri. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Iliyoiva haina joto ukiingiza mkono wala hainuki kinyesi.

Chipukizi la kupanda liwe la majani membamba kama sime. Yale ya majani mapana yana tunguu (kitako cha chini chenye mizizi) dogo, yanachelewa kuzaa na mkungu unakuwa hafifu. Likishang'olewa, menya tunguu kwa kisu: toa mizizi yote na ngozi ya nje mpaka ubaki weupe mtupu. Ukiona matundu yenye unga wa kahawia, fukusi, mdudu anayetoboa migomba, yumo; madoa yakiwa machache yamenye, yakiwa mengi litupe chipukizi zima. Kisha litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, basi. Ukizidisha unalipika.

Kila shina libaki na watu watatu: mama, mtoto na mjukuu. Mengine ng'oa pamoja na kitovu cha ukuaji. Ukikata kwa juu tu, baada ya wiki mbili limesharudi. Mtoto achaguliwe upande wa juu wa mteremko ili shina lisitembee kuelekea bondeni.

Kwa wanaotaka mikungu ya Krismasi: toka ua litoke hadi kuvuna ni miezi 3 hadi 4 sehemu za joto, na juu kwenye baridi huzidi hapo. Ukipita Julai na Agosti utajua Desemba kutakuwa na nini. Hesabu majani siku ua linapotoka. Majani mazima yakiwa 8 au zaidi, mkungu utajaa. Wale wanaokata majani ovyo kwa ajili ya ng'ombe au kufunikia pombe ya mbege wanajipunguzia ndizi wenyewe.

Mitego ya fukusi: kata kigogo cha mgomba uliovunwa karibuni, urefu wa sentimita 30, pasua kati kwa urefu, laza upande uliokatwa chini jirani na shina. Baada ya siku 3 geuza, okota fukusi, ua. Matandazo yakae nusu mita kutoka kwenye shina, maana chini yake ndipo wanapolala mchana.

Ringaringa:
Mimi nina neno moja kuhusu kipupwe, Juni mpaka Agosti. Huu ndio msimu wa kupima kivuli. Simama katikati ya kihamba saa sita mchana siku yenye jua kidogo, tazama chini. Mwanga ukidondoka kwa madoa madoa juu ya kahawa, uko sawa. Chini pakiwa na giza sawasawa na magome ya kahawa yameota ukoga wa kijani, kivuli kimezidi: kahawa itarefuka kutafuta mwanga, matawi yatakuwa mbalimbali na buni chache.

Lakini jamani, kupunguza si kung'oa. Siku hizi kuna wimbi la kufyeka miringaringa yote ili mtu apande parachichi za kisasa peke yake, na huko ni kuua kihamba. Mringaringa unadondosha majani mengi yanayooza haraka, unashika unyevu wakati wa kiangazi, na mbao zake zina bei. Kata matawi ya chini, acha kilele. Ifanye Februari au mwanzo wa Machi, mwanga uingie kabla ya miezi ya mawingu. Ukisubiri hadi tawi likatike lenyewe kwenye mvua ya Aprili, litaangukia migomba yenye mikungu.

BibiBuni:
Kahawa ina mambo kila msimu, mtanivumilia.

Mibuni ikikaa kavu kisha ikapata mvua nzuri ya vuli, maua yanapasuka baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Yanakaa siku chache tu, meupe na yenye harufu ya asmini. Ukiweza kupanga safari iangukie hapo, ipange, na sababu si uzuri peke yake. Shika tawi moja ulifuate kwa kidole kutoka kwenye shina kwenda nje. Sehemu ya ndani ni tupu, ilishazaa na haizai tena. Sehemu ya kati, mti uliokua msimu uliopita, ndiyo imejaa maua kwenye kila kifundo. Ncha ina majani tu, hiyo ni ya mwaka ujao. Sasa pima: ncha ikiwa fupi kuliko kidole, mwaka ujao hakuna mavuno hapo, mti una njaa au umechoka. Maua yakiwa juu kabisa tu na chini kote ni fimbo, unahitaji kubadilisha shina. Mti wa namna hiyo uwekee alama ya kitambaa siku hiyo hiyo. Januari majani yamejaa, hutautambua.

Kupogoa ni baada ya mavuno, Januari na Februari. Toa matawi makavu, yanayogusa ardhi na yanayoelekea ndani. Maotea kwenye shina toa yote, ila kama unabadilisha shina. Hapo kata shina kuukuu kwa msumeno sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji yasikae juu ya kidonda. Acha shina moja lililo hai liendelee kulisha mizizi. Maotea yakitoka chagua mawili au matatu yenye nguvu, yaliyotokea chini ya kidonda na yaliyoachana nafasi.

Masika ukifika angalia buni za kijani. Doa jeusi lililobonyea, buni zikidondoka au kubaki zimekauka nyeusi kwenye tawi, hiyo ni chulebuni. Inapenda baridi na unyevu, hivyo vihamba vya juu vinaumia zaidi. Unga wa rangi ya chungwa chini ya jani ni kutu, nayo ni kali zaidi chini kwenye joto. Dawa za kopa zinazuia, haziponyi. Zipigwe kabla ugonjwa haujatapakaa na zirudiwe kadiri mvua inavyoosha. Anayepanda upya aende kituo cha TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa) Lyamungu akachukue miche ya aina bora inayostahimili magonjwa yote mawili.

Mavuno ni kati ya Julai na Desemba. Chuma nyekundu tu, rudi kila baada ya siku 10 hadi 14. Menya siku hiyo hiyo. Ikilala na maganda yake inaanza kuchacha ovyo na harufu hiyo haitoki tena. Vundika saa 24 hadi 48 kulingana na baridi ya mahali. Kujua imeiva, chomeka kijiti katikati ya rundo ukichomoe. Shimo likibaki wazi, osha. Likijifunga, subiri. Anika mezani kwenye wavu, tabaka lisizidi sentimita 3. Siku za kwanza ifunike jua kali la mchana ili ganda lisipasuke, na kila usiku funika. Ikifika unyevu wa asilimia 11 hadi 12, pakia. Kilo 5 hadi 6 za kahawa nyekundu zinakupa kilo 1 ya kahawa safi, kwa hiyo ukiletewa hesabu ya mavuno unajua kama inalingana.

Gunzi:
BibiBuni umesahau bungua, mdudu anayetoboa shina la kahawa. Mvua zikianza, mdudu mzima anatoka na kutaga kwenye nyufa za gome, nusu mita ya chini ya shina. Sugua sehemu hiyo kwa gunzi la mahindi hadi iwe laini, akose pa kutagia. Ukiona unga wa mbao chini ya mti, tafuta tundu, ingiza spoku ya baiskeli mpaka umpate. Majani yakishakuwa njano mti mzima, kata uuchome.

BibiBuni:
Asante sana Gunzi. Ila asugue kwa kiasi, asichubue gome hadi kwenye kijani, maana atafungulia magonjwa mlango.

Njano:
Shikamooni wakuu. Nikikuta mgomba wa Kisukari una majani ya nje ya njano yaliyovunjika na kuning'inia kuzunguka shina, ni ukame au ni ugonjwa? Ni Februari.

Mshare:
Marahaba. Pasua kigogo kwa urefu. Ndani kukiwa kweupe, ni ukame au fukusi. Kukiwa na mistari ya kahawia iliyoelekea wekundu, ni mnyauko fuzari, na Kisukari huvamiwa nao sana. Hakuna dawa. Vimelea vinakaa udongoni miaka mingi sana. Usihamishe chipukizi lolote kutoka kwenye shina hilo, usiwape ng'ombe kigogo chake, na osha tope lote kwenye buti na jembe kabla ya kuingia sehemu nyingine. Hapo usirudishe Kisukari tena. Muulize bwana shamba wa kata ni aina gani ya ndizi inayostahimili hapo kwenu.

Mfongo:
Namalizia kiangazi, Januari na Februari, na Septemba hadi vuli ianze. Hapa kazi ni mfongo, yaani mfereji wetu wa asili wa kumwagilia. Uliza mapema zamu ya kihamba chako ni siku gani na saa ngapi, na ufike siku ya kuchimbua mfongo pamoja na wenzako. Asiyechimbua hapati maji, na hiyo ni haki. Tembea juu ya mfongo mpaka unapoingia kwako: tope, mizizi na taka za plastiki ndivyo vinavyokula maji ya zamu.

Kwenye kahawa, usiwe unanyunyizia kidogo kidogo kila wiki kabla ya maua. Mti unachanua vipande vipande, na mavuno yanakuja kwa mafungu hata mkachuma mara kumi. Iache ikae kavu, kisha ipe maji mengi mara moja. Migomba ni kinyume chake, yenyewe haitaki kukatiwa maji hata kidogo.

Na masale, mimea ya mpakani, msiyaguse kabla ya kuongea na jirani. Isale ni alama ya mpaka na ndiyo tunayoombea msamaha. Ukiling'oa kupisha mfereji umeanzisha kesi ya ukoo.

Njano:
Kwa mwenye siku mbili tu kila msimu, aanze na nini?

Msesewe:
Siku ya kwanza usifanye kazi yoyote. Tembea kihamba chote na mtunzaji wako, yeye atangulie, wewe beba daftari. Andika kila shina lenye tatizo kwa mahali lilipo: "chini ya mruka wa pili, upande wa zizi." Siku ya pili fanyeni pamoja kazi moja tu ya msimu huo hadi iishe, na uache vifaa vya kuendelezea: msumeno, mkasi wa kupogolea, dawa iliyopimwa. Safari ijayo mnafungua ukurasa ule ule na kuanzia kwenye lile shina la chini ya mruka.