Mnaogeuza visa vifupi vya Biblia kuwa "riwaya za kihistoria", acheni kulipua! Hata fedha ya Naamani hamjaipima

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na sitamung'unya maneno.

Mtu anachukua kisa cha Biblia chenye mistari miwili mitatu, anakivuta mpaka kurasa 300, kisha jalada linaandikwa "riwaya ya kihistoria". Fungua ndani utafute hiyo historia. Utakuta mahubiri, penzi lililopachikwa kwa nguvu, na maelezo ya jua kuzama jangwani. Basi.

Nachukua kisa kimoja tu ili tusielee hewani: yule kijakazi wa Kiisraeli nyumbani kwa Naamani, jemadari wa Shamu (Siria) mwenye ukoma aliyekwenda Israeli kuponywa na nabii Elisha, 2 Wafalme 5. Sura nzima ina mistari 27. Binti anapata mstari wa 2 na wa 3, anasema sentensi moja, halafu hatumwoni tena. Hana jina, umri haujulikani, wazazi hawatajwi. Waandishi wanamkimbilia kwa sababu wanaona uwanja mtupu. Si mtupu! Pande zote umezungukwa na vitu vinavyohesabika, na hivyo ndivyo mnavyovikanyaga.

Tuanze na fedha. Naamani anaondoka Shamu na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10. Talanta ni shekeli 3,000, na shekeli ni gramu 11 na kitu. Kwa hiyo talanta moja ni kama kilo 34. Fedha peke yake ni kilo 340, na dhahabu, tukihesabu kila kipande kuwa shekeli, inakaribia kilo 68. Zaidi ya kilo 400 kabla hujapakia maji, chakula na mahema. Nyumbu mmoja ukimpa kilo 80 hadi 100 kwa safari ya siku kadhaa umemtendea haki, kwa hiyo hazina hiyo inataka nyumbu wanne au watano, na walinzi wa kutosha. Sasa mwandishi anatuletea Naamani "akiutupa mfuko wa sarafu miguuni pa nabii". Sarafu zipi? Za kwanza zilitengenezwa Lidia karne ya 7 KK, na Elisha tunamweka karne ya 9 KK. Fedha ya wakati huo ni vipande, vikuku vilivyokatwakatwa, mabaki ya mapambo, vyote vinalipwa kwa mizani na mawe ya kupimia. Mawe yalikuwa na hila zake, ndiyo maana Mithali inalaani kuwa na mawe mawili ya uzito tofauti. Kuna ugomvi mzima wa kuandika hapo, watu wawili wamechuchumaa mbele ya mizani, kila mmoja anang'ang'ania jiwe lake. Mmeuacha, mkatuletea mfuko wa sarafu.

Na maandiko yenyewe yanajua uzito huo! Elisha anakataa zawadi, lakini mtumishi wake Gehazi anapomdanganya Naamani anapewa talanta mbili. Mstari wa 23 unasema zilifungwa katika mifuko miwili, wakabebeshwa watumishi wawili. Kilo 34 kila mtu, karibu mfuko mkubwa wa nafaka begani. Ndiyo maana hakuzibeba mwenyewe, na ndiyo maana ana mashahidi wawili wa wizi wake ambao lazima awaondoe kabla hajafika nyumbani. Anawapokea mizigo karibu na kilima, anawaruhusu waende zao. Huo mkasa umekwisha kuandikwa, kazi yako ni kuufuata tu. Lakini nimesoma Gehazi "akikimbia na hazina chini ya vazi lake". Kilo 68 chini ya vazi!

La pili ni ukoma. Mnamwandika Naamani vidole vimeanguka na uso umeliwa. Neno la Kiebrania hapo linabeba magonjwa mengi ya ngozi, na Walawi 13 na 14 inalitumia hata kwa nguo na kuta za nyumba. Bakteria wa ukoma tunaoujua leo alitambuliwa na daktari Hansen wa Norwei mwaka 1873. Tena someni kisa chenyewe: Naamani anaongoza jeshi, na mfalme wake anauegemea mkono wake ndani ya hekalu la Rimoni, mungu wa Washami. Gehazi naye anapopigwa na ugonjwa huo anatoka "mweupe kama theluji", hakuna mahali panaposema viungo vimekatika. Mgonjwa mliyemwandika ni wa karne nyingine na ugonjwa mwingine.

La tatu linaniuma zaidi, kwa sababu hapa mnamwonea binti mwenyewe. Mnampa moyo mweupe usio na doa, anamhurumia bwana wake tangu ukurasa wa kwanza. Huyu ni mateka! Kikosi cha Washami kilivamia kikamchukua. Aliyepata heshima kwa vita hivyo ndiye huyo bwana. Sentensi yake moja inasema angekuwa mbele ya nabii aliye Samaria, angeponywa. Huruma? Inawezekana. Hofu kwamba bwana akianguka nyumba yote itaanguka? Inawezekana. Kuitamani Samaria kiasi kwamba anaitaja kwa kisingizio chochote? Nayo inawezekana. Mwandishi achague, na uchaguzi wake aubebe hadi mwisho. Kumfanya malaika ni kukwepa kazi.

Kazi yenyewe inaendaje? Kabla ya kuandika hata aya moja, chora safu tatu. Ya kwanza: yanayosemwa, kila nomino na kila namba. Ya pili: yanayolazimika kuwapo ili hayo ya kwanza yawezekane, yaani nyumbu, walinzi, mkalimani, maji. Ya tatu: kimya. Uhuru wako uko safu ya tatu tu, na chochote unachoweka huko hakiruhusiwi kugombana na safu mbili za kwanza. Wengi mnaanza na ya tatu.

Kisha chukua siku moja ya kawaida uiandike kwa mikono ya mhusika. Ukimweka binti kwenye kusaga, jiwe la wakati huo ni bamba lililolala chini na jiwe dogo la juu linalosukumwa mbele na nyuma kwa mikono miwili, msagaji amepiga magoti. Lile la kuzungushwa kwa mpini lilienea karne nyingi baadaye. Tofauti si ndogo: anayesukuma anaumia magoti, kiuno na viganja, na uso wake umeinamia unga muda wote, kwa hiyo anasikia mazungumzo ya nyumba bila kuona nani anaongea. Hapo umeshapata namna alivyojua siri ya ugonjwa.

#2

Mkuu umegusa penyewe. Ongeza Delila, aliyemsaliti Samsoni. Waamuzi 16:5, kila mkuu wa Wafilisti anaahidi vipande 1,100 vya fedha. Kwa shekeli hiyohiyo ni kilo 12 na nusu kwa kila mmoja. Wakuu wa Wafilisti walikuwa watano: Gaza, Ashkeloni, Ashdodi, Ekroni na Gathi. Wote wakilipa, zinazidi kilo 60. Mstari wa 18 unasema walipanda wakiwa na fedha mikononi mwao. Bado riwaya zinamwonyesha akihesabu "vipande 30" gizani. Hizo ni za Yuda Iskarioti, na ni zaidi ya miaka elfu moja mbele.

#3

Naunga mkono hoja, ila hapo kwenye karne ya 9 mwanzisha uzi umepita haraka. Sura ya 5 haitaji jina la mfalme yeyote, si wa Israeli wala wa Shamu. Mwandishi atajuaje aweke hali gani ya kisiasa?

#4 Mwanzisha uzi

Swali zuri. Majina hayapo, ndiyo, kwa hiyo chagua kipindi kimoja cha miaka kumi, ushike hapohapo, na useme wazi kwenye neno la mwandishi mwishoni mwa kitabu. Kosa ni kuchanganya. Mwaka 853 KK, kule Qarqar, Ahabu wa Israeli na mfalme wa Dameski walipigana upande mmoja dhidi ya Shalmanesa wa Tatu wa Ashuru. Maandishi ya Shalmanesa mwenyewe yanampa Ahabu magari ya vita 2,000. Baadaye maadui tena. Jiwe la Tel Dan, lililoanza kupatikana mwaka 1993, lina mfalme wa Kiaramu (ndio hao Washami) akijisifu kwa kuishinda Israeli. Ukijua hivyo unaelewa kwa nini mfalme wa Israeli anaposoma barua aliyoileta Naamani kutoka kwa mfalme wa Shamu anararua mavazi yake, akidhani anatafutiwa ugomvi. Mnaomwandika kama mwoga tu mmekosa.

Na msiruke mstari wa 17. Baada ya kupona, Naamani anaomba udongo, mzigo wa nyumbu wawili. Ni kama kilo 200 za udongo wa Israeli zinakwenda Dameski, kwa jinsi alivyoamini kwamba Mungu huabudiwa juu ya ardhi yake. Kama binti bado yumo nyumbani, siku hiyo udongo wa kwao unamwagwa mahali fulani anapoweza kuukanyaga. Sijaona riwaya yenu hata moja iliyougusa.

#5

Nyongeza ndogo kwa wanaoandika Ruthu: hakuokota mahindi. Mahindi yalitoka Amerika baada ya 1492, pamoja na nyanya na viazi. Ni shayiri, kama efa moja siku ya kwanza, lita 20 na ushee, na aliipura mwenyewe jioni kabla ya kuibeba kwenda mjini.